Mukimo Si Mboga

Nilikuwa kwenye benchi la kliniki mjini Embu, maana nami nameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Mbele yangu nesi alikuwa akimhoji mama mzee aliyevimba mguu.

"Cucu, damu imeanza kuganda tena. Si nilikwambia mboga za majani zisizidi kipimo, maana zinapunguza nguvu ya dawa?"

"Mimi niliacha kabisa. Sukuma sijagusa."

"Jana mlikula nini?"

"Mukimo."

"Ya viazi vilivyopondwa na majani ya malenge?"

"Kwani kuna ingine?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Hayo majani si mboga?"

Mama akamtazama kwa huruma. "Mboga ni ile unawekewa kando ya ugali. Hii ni mukimo." Akamshika begani mkaza mwanawe aliyemleta. "Tangu niache mboga, huyu ananipondea kila siku, nisikonde."

Benchi zima tulicheka, nami zaidi, ingawa mukimo wa kwangu sijawahi kuuhesabu kuwa mboga.

Kliniki iliyofuata mkaza mwana alikuja peke yake, kurudisha vidonge vilivyobaki baada ya mazishi. Nesi alivipokea bila kumuuliza kuhusu majani ya malenge. Mimi, ninayeuliza kila kitu, niliinamia kadi yangu.