Damu ya Zagabe

Zagabe alichimba dhahabu Shabunda tangu ujana wake. Huko kwenye joto kila mtu aliugua palu, yaani malaria, akapona, akaugua tena, hadi mwili ukaizoea. Miaka ya mwisho hakuumwa hata kichwa. Machimbo yalipomchosha alirudi Bukavu, akafikia Bagira kwa Fanny, mdogo wake wa pekee.

Fanny alikuwa mjamzito. Alizaliwa Bagira, akaolewa hapo hapo na Placide, fundi viatu, na hakuwahi kulala mahali penye joto. Alipomwona kaka yake mkubwa, aliyemwita Yaya, akitundika chandarua alicheka.

"Yaya, huku kwetu mbu inakufa na baridi. Ile funikia kuku."

Siku ya kujifungua mtoto alitoka salama, lakini damu ya Fanny haikukoma. Hospitali haikuwa na akiba ya kundi lake. Muuguzi akatoka kuwaita ndugu. Damu ya Placide haikulingana. Ya Zagabe ililingana. Wakaipima ukimwi na homa ya ini, wakaikuta safi. Malaria hawakuipima, wala hakuna aliyemuuliza alikuwa anaishi wapi.

"Kamata yote unayotaka," Zagabe alimwambia muuguzi akikunja shati. "Huyu njo dada yangu, sina mwingine."

Jioni Fanny alifumbua macho, akaomba chai.

"Sasa niko na damu ya muchimbaji," alisema kwa sauti ndogo. "Mutaniona naanza kutafuta dhahabu."

Maishani mwake Zagabe hakuwahi kujiona mtu wa maana kama siku ile.

Fanny alirudi nyumbani, akamnyonyesha binti yake, akampa jina Lucie. Yapata majuma mawili baadaye homa ikamshika. Kwenye kituo cha afya walidhani ni maambukizi ya uzazi, wakamchoma sindano. Palu hawakuiwazia, kwa mtu asiyewahi kuhama Bagira. Homa ikapanda, akaanza kumwita mama yao aliyekwisha kufariki. Walipomrudisha hospitali, daktari aliangalia damu yake kwa darubini, akaikuta imejaa vijidudu vya malaria. Walimtundikia dawa mara moja, lakini alikuwa amekwisha kupoteza fahamu. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi daktari huyo, mwanamke aitwaye Tatiana, alimwita Zagabe, akamchoma kidole. Jibu lilipotoka alivuta kiti karibu naye.

"Papa Zagabe, uko na malaria ndani ya damu. Mwili yako iliizoea, njo maana hauisikie. Fanny hakukuwa na kinga."

"Basi ni mimi nilimupa?"

"Ilipita mu damu. Sisi njo hatukuipima. Kosa si yako."

Zagabe alimeza vidonge alivyopewa. Hakuhisi tofauti yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi: ugonjwa uliomuua dada yake haukumnyima yeye hata hamu ya chakula.

Alimkuta Placide uani akifua nguo za mtoto. Akamwambia yote akiwa amesimama. Placide aliendelea kukamua kitambaa kilekile, hata kilipokuwa hakitoi tone.

"Docta alikuwa amenielezea," akasema mwishowe. "Nilikukasirikia. Na bado niko nakukasirikia, Yaya, sikufiche. Lakini bila ile damu angekufia pale pale kwa kitanda ya kuzalia. Na ile damu, alimunyonyesha mutoto. Alimupatia jina."

Zagabe alichukua ndoo. Akaenda kuongeza maji.

Hakurudi Shabunda. Siku hizi anapakia mchanga kwenye malori, na hospitali ile imeanza kumuuliza kila mtoaji damu alikotoka. Lucie ameanza kusimama kwa kushika viti. Kila Jumapili baada ya misa Zagabe humletea ndizi mbivu, akaziweka mezani. Placide akimwambia ambebe mtoto, hujibu kwamba mikono yake ina vumbi, ingawa amevaa shati jeupe na ametoka kanisani.