Punda Aliyenona Lodwar

Mimi ni mtu wa Lamu, na mtu wa Lamu haambiwi kitu kuhusu punda. Ndivyo nilivyojidanganya mwaka 2012, nilipokuwa fundi cherehani Lodwar, kule Turkana, na mume wangu akiendesha lori la mizigo kati ya hapo na Kakuma. Nilikuwa nikipanda naye mara kwa mara kupeleka madera kwa akina mama wa Kisomali wenye maduka katika kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikomwona yule punda.

Alikuwa amelala ubavu karibu na bomba la maji, mkokoteni umefunguliwa na kuwekwa kando. Bega lote lilikuwa kidonda na ndege wanakidonoa. Pua zilikuwa zimepasuliwa pande zote mbili. Masikio nayo yamekatwa, moja limetolewa kipande ukingoni, jingine limechanwa kwenye ncha. Damu ilinipanda. Nikamkabili mwenye mkokoteni, kijana wa Kikongo, nikamwuliza kama hana Mungu.

"Masikio nilimupata nayo, mama," alisema kwa upole. "Kidonda tu ndiyo ya kwangu. Ukimupenda, beba. Iko inakufa."

Mume wangu alisema lori lake si safina. Nikamwambia basi na mimi nabaki Kakuma, atafute wa kumpikia. Vijana waliokuwa wakichota maji wakatusaidia kumnyanyua, tukamlaza juu ya magunia matupu, na njia nzima hadi Lodwar mume wangu hakunisemesha. Lakini kwenye kila shimo alipunguza mwendo, nikajua amekubali.

Nilimweka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mti wa mkoma. Kila asubuhi nilimwosha bega kwa maji ya chumvi, nikampaka utomvu wa shubiri, kisha nikamvika kizibao nilichomshonea kwa magunia ya unga, chenye kamba za kufunga tumboni, ili ndege wasipate pa kutua. Nilimnunulia maganda ya migunga ambayo Waturkana huwalisha mbuzi wao, nikamchanganyia na pumba. Sikumpa jina. Nilimwita "wewe", naye aliitika kwa kugeuza shingo, na hilo lilinitosha.

Masikio niliyapaka mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka kwetu. Kila nikiyapaka nilimlaani aliyeyakata, mkono wake ukauke. Jirani yangu, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa, alinisikia kupitia uani akacheka.

"Mama, hiyo si ugonjwa. Pua tunapasua ndio ipumue vizuri. Na masikio ni alama. Hiyo punda iko na mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Aliyemwacha afe kwenye mkokoteni?"

"Labda ilipotea na kiangazi. Lakini alama haipotei. Hata ulishe miaka kumi, ni ya mwenye alama."

Tangu siku hiyo nilikosa raha. Punda alikuwa amesimama, anakula, bega linaota ngozi mpya, na kila alivyozidi kupendeza ndivyo nilivyozidi kuogopa. Kila aliyepita njiani akitazama uani nilimwona ndiye mwenye alama. Wengine waliniuliza kwa nia njema kabisa nitachinja lini, maana huko punda ni kitoweo, nikawafukuza kwa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Mwishowe nikafanya kile ambacho fundi cherehani pekee ndiye angeweza kukifikiria: nilimshonea kofia. Kitambaa cha buluu, kilichobaki kwenye sare za shule, chenye mifuko miwili mirefu iliyofunika masikio mpaka ncha. Nikajiona mjanja.

Ujanja gani! Punda mwenye masikio yaliyokatwa Lodwar hana wa kumtazama mara mbili. Punda mwenye kofia alitazamwa na mji mzima. Watoto waliotoka shule walipita kwangu kwanza. Wenye bodaboda walisimama kupiga picha. Habari zikafika sokoni, zikavuka mto, zikafika kwa wafugaji wa kuhamahama waliokuwa wamepiga kambi huko wakielekea kaskazini.

Ilikuwa 2013, mvua zimeanza, alipokuja yule mama. Mrefu, shanga zimempanda shingoni mpaka kidevuni, na kuniamkia aliniamkia vizuri, "Ejok." Kisha akapita moja kwa moja hadi kwa punda, akamvua kofia kama mtu anayemvua mtoto wake, akapitisha kidole kwenye sikio lililotolewa kipande. Punda akasogea, akamwekea kichwa kifuani. Kwangu hakuwahi kufanya hivyo.

Nilisema mengi. Nilieleza kuhusu kidonda, shubiri, maganda ya migunga, lori. Jirani yangu alitafsiri yote bila kupunguza, na mgeni akasikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema maneno machache.

"Anasema asante," jirani alisema. "Anasema tangu ipotee yeye mwenyewe ndiye anabeba nyumba kwa mgongo. Wanarudi Kaaleng. Yeye ako na mtoto mdogo, na mama ya bwana yake hawezi kutembea."

Nilimtazama mama yule, mgongo wake, miguu yake. Nikaingia ndani nikalia. Nilipotoka walikuwa wamefika kona, yeye mbele, punda nyuma, bila kamba. Watu husema asante ya punda ni mateke. Huyu hata teke hakunipa, wala hakugeuka.

Nikajifariji. Nilisema angalau ana bega zima, ana wa kwake, anatembea njia anazozijua. Mume wangu naye alisema hivyo, jioni mbili tatu, mpaka tukaacha kumtaja. Cherehani ilikuwa na kazi nyingi na nikashukuru.

Mama yule alirudi siku moja asubuhi, amepanda lori la watu hadi stendi na kutembea kutoka hapo. Nilimwona kwa mbali nikatazama nyuma yake. Alikuwa peke yake. Akakaa chini mbele ya cherehani, tukaamkiana, nikamwita jirani. Kisha akafungua fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande virefu vya nyama iliyokaushwa.

Jirani alitafsiri huku anatazama chini. Punda alitembea vizuri walipokuwa hawajafunga mizigo. Walipomfungia akalala. Wakamwinua, akalala. Wakapunguza mzigo, wakampiga, akalala. Wenzao walikuwa wameshaondoka na kisima kilikuwa mbali.

"Anasema ilikuwa imesahau kazi kabisa. Basi bwana yake akachinja." Jirani akaendelea. "Anasema ulilisha vizuri, mama. Ilikuwa na mafuta mpaka kwa shingo. Watoto walikula wakashiba. Na mwenye kulisha ni lazima apate yake."

Mama yule alikuwa ananitazama usoni, anangoja kuona kama nimeridhika na fungu langu. Hakukuwa na ubaya wowote machoni mwake. Nilitafuta ubaya, wallahi nilitafuta, niushike niugombanie, sikuuona. Dini yangu hainiruhusu kula punda, na hata ingeniruhusu koo lisingekubali. Lakini alikuwa amebeba nyama ile kutoka mbali, akaipitisha mbele ya watu wenye njaa, ili iwe yangu.

Nikanyoosha mikono yote miwili nikapokea.

Alifurahi, akacheka, meno yake yote yakaonekana. Akasema jambo jingine, jirani akalitafsiri.

"Anauliza. Wako na punda ingine, mdogo, imeumia mguu. Kama utakubali kumlishia mpaka inone kama ile."

Nikamwambia jirani amwambie amlete.