Simba wa Pori na Blanketi la Kezia

Methusela wa Runazi alikuwa mwizi, tena mwizi wa hovyo. Mwaka wa tisini na tano, Ngara imejaa wakimbizi na malori ya chakula yanapita porini kila siku, yeye aliyaogopa malori, akawaibia wajane. Alivunja mlango wa jirani yangu Febronia mchana kweupe, akabeba debe la maharage na blanketi alilofunikwa mtoto wake Kezia, mwenye homa. Febronia alimpiga mchi, akamwachia kovu juu ya jicho.

Akafungwa miaka minne. Huku nyuma, watu wasio na kazi wakamtungia wimbo. Kule Mugoma waliupiga kwa inanga, ile ala ya nyuzi ya huku kwetu, wakamwita Simba wa Pori, eti aliwanyang'anya matajiri akawagawia maskini. Kambini wakimbizi wakaupigia ngoma, wakadai ni mwenzao wa Burundi. Kwaya moja ya Kaniha, sijui nani aliwatuma, ikaongeza ubeti ambamo anatubu. Kila walipoimba alirefuka. Alipofika futi saba nikaacha kusikiliza. Kovu tu halikuguswa, ila sasa lilikuwa la risasi.

Alipotoka gerezani mke alishaondoka na shamba limeota magugu. Siku moja alikuta kilabu kizima kinauimba, mpigaji wao Gozbert akipiga inanga. Akasimama.

"Simba wa Pori ni mimi."

Walicheka mpaka pombe ikamwagika. "Kaa chini, mzee, unamziba mpigaji."

Nami nilikuwamo, nikamwona anang'ang'ania kusimama. Hakuwa na kitu kingine duniani ila wimbo ule, nao ulikuwa unamkataa. Nje, Febronia alikuwa anauza ndizi za kuchoma. Methusela akamwita mlangoni.

"Mama Kezia, waambie. Si wewe uliyenipiga hapa?"

Gozbert akaacha kupiga. Febronia alilitazama lile kovu, wala hakuharakisha.

"Niliyempiga mimi alimvua mtoto wangu blanketi akiwa na homa," alisema. "Ndiye wewe?"

Methusela aliwatazama watu, akamtazama Gozbert.

"Hapana, mama. Nimekufananisha."

Febronia akarudi kwenye ndizi zake. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Gozbert akaanza upya, na Methusela akakaa mwisho wa benchi, akaitikia pamoja na wapumbavu wenzake.