Sakafu Niliyoifunga kwa Bolti

Mimi ni fundi wa bodi za malori hapa Tunduma. Ukiona lori limejaa mahindi na halidondoshi hata punje barabarani, huenda sakafu yake niliipiga mimi. Naanza na majigambo ili ijulikane kwamba kosa nililolifanya kwenye boti ya kaka yangu halikutokana na uvivu. Lilitokana na ufundi.

Kaka amenizidi miaka minane. Alivuka mpaka akiwa na miaka kumi na minane, akamfuata shangazi yetu aliyeolewa Mpulungu, upande wa Zambia, kwenye Ziwa Tanganyika. Huko akaajiriwa na mzee mmoja mgeni amtunzie boti ndogo ya tanga, ya mbao, iliyokuwa kuukuu hata wakati huo. Mzee alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia kaka boti ile. Siku hiyohiyo kaka akanipigia simu: ataileta kwangu, ikae uani mpaka atakapoacha kazi nyingine aliyoipata hukohuko, kisha tuishushe Ziwa Rukwa sisi wawili.

Nilijua kwa nini Rukwa. Mama yetu alikuwa mtu wa Galula, kusini mwa ziwa hilo. Nikiwa na miaka sita alitupeleka kwao, na mjomba akatufikisha hadi ziwani. Tulishinda pale tukitazama maji, kaka amenibeba mabegani kwa sababu tope lilinifika magotini. Tangu siku ile sijampata tena kaka kutwa nzima, awe wangu peke yangu.

Boti ilifika juu ya lori, kaka kakaa pembeni ya dereva. Urefu wake ulikuwa kama wa gari la Noah moja na nusu. Tuliiweka juu ya magogo, tukaifunika turubai. Kabla hajarudi alinionyesha sakafu yake: vipande vitano vya mbao vilivyolazwa tu, bila msumari, kila kimoja kina tundu la kuingiza kidole. Akanyanyua kimoja. Chini kulikuwa na uwazi, na katikati ya uwazi umelala mkuku, ule ubao mnene ulio uti wa mgongo wa boti. Watu wa pwani nasikia mahali hapo wanapaita ngama. Kaka alipaita tumbo.

"Maji yote yanayoingia yanakusanyika hapa," alisema. "Uwe unafunua, unakausha, unaacha hewa ipite."

Niliitikia kwa kichwa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye zile mbao zinazochezacheza. Kwangu mimi sakafu inayocheza ni aibu.

Alipoondoka nyumba ilipwaya. Nikataka siku akirudi akute nimemfanyia kitu. Nikavifunga vipande vyote vitano kwa bolti kwenye mbavu za boti, nikaziba matundu ya vidole kwa mbao na gundi, nikapaka lami kila kiungo. Nilitembea juu yake kila pembe, haikulia hata mara moja. Mke wangu alisema hata kanisani hakuna sakafu kama ile, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Kila Jumapili baada ya ibada kaka alipiga simu. Si mtu wa maneno mengi.

"Mwaiche," aliniita, yaani mdogo wangu kwa Kibemba. "Tumboni pakavu?"

Natoka hadi uani, nafunua pembe ya turubai, naitazama sakafu yangu inavyong'aa, najibu, "Pakavu, kaka."

Hapo ndipo anapochangamka. Tuanzie upande gani wa ziwa, tanga likashonwe wapi, nani atashika usukani. Mimi sijawahi kushika usukani wa kitu chochote chenye tanga, lakini nilibishana naye kwa nguvu zote, ili tu asikate simu.

Msimu wa tatu wa mvua, upepo ulilichana turubai. Nikapanda kutandika jingine. Boti ikayumba kidogo juu ya magogo, na chini ya miguu yangu nikasikia maji yakihama upande. Nilisimama palepale, mikono imeshika turubai. Sikuwa nimeifunua sakafu hata siku moja. Jumapili iliyofuata kaka akauliza, nikajibu pakavu, na nikaendelea kumdanganya hivyo kwa misimu miwili. Niliogopa kwamba boti ikifa, naye hatarudi.

Mwaka huu akanieleza kwamba ameacha kazi. Anakuja Juni, na safari hii anakuja kukaa. Kesho yake asubuhi nikabeba vifaa.

Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu na lami, spana inateleza tu, na grinda haikupata nafasi chini ya mabenchi ya pembeni. Nikalala kifudifudi, kichwa kimeingia chini ya benchi, nikatoboa kwa drili matundu yanayofuatana, nikayaunganisha kwa patasi hadi ukapatikana mlango wa kupitisha mkono. Asubuhi yote ilikwenda katika kupigana na kazi yangu mwenyewe. Nilijitukana kwa Kinamwanga, maana Kiswahili hakikutosha. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mahindi yaliyolowa ghalani.

Nikachota maji meusi kwa kopo, ndoo baada ya ndoo. Kwenye zile mbavu kulikuwa na vijitundu vya kupitisha maji, ili yakusanyike mahali pamoja yachotwe. Lami yangu ilikuwa imedondokea humo ikaviziba vyote. Nikaweka bisibisi juu ya mkuku. Ilizama hadi mpinini, na wala sikuisukuma.

Nilimpigia mimi. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo alipokea akiuliza nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki," nikasema. "Kaka, ile sakafu niliifunga kwa bolti."

Akauliza: "Bolti ngapi?"

"Ishirini."

"Ulitaka kupakia mahindi?"

Tulicheka wote wawili, na mimi machozi yakanitoka palepale nilipolala. Kisha akataka nimwonyeshe. Nikawasha video, nikaingiza mkono na simu ndani ya tumbo. Uso wake sikuuona, nilisikia tu anavyohema.

"Sogeza kushoto. Gusa hapo."

Nikagusa. Kipande cha mkuku kikabaki vidoleni mwangu.

"Basi," alisema. "Imekwisha hiyo."

Nikamwomba msamaha. Akasema nisijali, mbao ni mbao. Nilitoa mkono tumboni, nikaiweka simu sikioni.

"Na Juni, kaka?"

"Juni nije kufanya nini, mwaiche?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuambiwa. Na jibu nilikuwa nalo: aje akae kwangu tuzeeke pamoja, boti iwepo isiwepo, kwa sababu nina hamu naye tangu nikiwa na miaka kumi. Lakini sisi wawili hatujawahi kuambiana maneno ya namna hiyo. Nikakohoa kidogo, nikamuuliza kapenta, wale dagaa wa huko, siku hizi wanauzaje, naye akanitajia bei.