Mwamiaji wa Ndege wa Kahe

Nilianza kutazama ndege nilipokuwa nakaribia kustaafu ualimu. Mume wangu, aliyepandisha wageni mlimani kwa miaka mingi, alipewa darubini na mmoja wao, akaileta nyumbani kwetu Kilema na kuiweka juu ya kabati. Nikaichukua mimi. Jumamosi nilimwachia binti yangu kazi ya majani ya ng'ombe, nikashuka mapema hadi Kahe, ambako chemchemi na mifereji ya mpunga hulowesha nchi yote, na ndege wa majini hujaa.

Siku niliyokutana na huyo mama mwamiaji nilimkasirikia. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya tuta nikitazama kundi la kwarara wakichokonoa tope kwa midomo yao mirefu, mara debe likagongwa na kila chenye mabawa kikaruka. Nilipogeuka nilimwona ameketi juu ya dungu, lile jukwaa la miti linalosimamishwa shambani, kombeo mkononi. Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi. Nikameza hasira, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza kama nimepotea njia.

Nikamweleza kwamba nimekuja kutazama ndege. Akasema yeye amekuja kuwafukuza, ila kama nataka kuwaona vizuri nipande juu, maana pale chini naona matako yao tu wakikimbia.

Nikapanda. Tangu siku hiyo, Jumamosi zangu zilikuwa juu ya dungu lake.

Alikuwa ameamia ndege, yaani kulinda mazao dhidi yao, katika mashamba ya watu tangu usichana wake, na nilidhani mtu wa kazi hiyo angewachukia. Kumbe aliowafukuza ni kwelea kwelea peke yao, wale wadogo wanaomaliza mpunga kwa siku moja. Aliwasikia kabla sijawaona kwa darubini. Alikuwa akikatiza maneno, anainua kidole, na punde nami nasikia uvumi kama mvua inayokuja juu ya migomba. Hapo anatia donge la udongo kwenye kombeo na kulirusha mahali walipotaka kutua, na kundi zima linapinda kama kitambaa kilichovutwa na kwenda zake. Sikumwona hata mara moja akipiga ndege. Lile debe, aliniambia, huligonga wanapokuja wengi mno, na siku ile ya kwanza walikuwa wengi. Yangeyange aliwaacha wajilie panzi. Kwarara walikula konokono. Alizijua shughuli zao kama mtu ajuavyo za majirani.

Siku moja nilimfungulia kitabu changu cha ndege kwenye ukurasa wa ndege mmoja wa matopeni, mnene, mwenye mstari mweupe kuzunguka jicho. Pichani walikuwa wawili: mmoja alikuwa na kifua cha rangi ya kahawa iliyoiva, mwingine amefifia kama majani makavu. Nikamwambia yule mwenye rangi ni dume, kama ilivyo kwa kuku na tausi.

"Huyo ni jike," akasema. "Anataga, anaondoka. Anayeatamia ni baba."

Nikambishia, nami ni mwalimu. Jioni nyumbani nikasoma maandishi yaliyo chini ya picha, ambayo miaka yote sikuwahi kuyamaliza. Ilikuwa vilevile alivyosema.

Jumamosi iliyofuata nilikiri. Hakunisimanga. Alishuka, akaniongoza hadi pembeni mwa shamba karibu na mfereji, akanionyesha kwa kidevu. Ilinichukua muda mrefu kumwona yule baba, amelala juu ya mayai katikati ya mashina ya mpunga, hatua tatu kutoka miguu yangu. Ningempita mara kumi.

Tatizo lilikuwa mavuno. Mwenye shamba, mtu wa Mwika, alifika siku hiyohiyo na wakataji. Yule mama alimwendea, akamweleza habari ya dume anayeatamia, na kumwomba aiache kona ile. Mwenye shamba alikuna kichwa, akamwambia mpunga ukikaa sana utapukutika.

"Baba, huyo dume analea peke yake," mama yule akamwambia. "Mpe wiki moja."

Mwenye shamba akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli kwamba dume ndiye anayeatamia. Nikasema imeandikwa. Aliitazama kona ile. Kisha akavua sweta lake, akalitundika kwenye kijiti mbele ya kiota ili wakataji waone wasipite, akarudi kazini.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaweza kushuka kila siku. Siku ya sita vifaranga wanne walitoka, wadogo kama ndimu, na kabla ya adhuhuri walikuwa wanamfuata baba yao kuelekea kwenye maji ya mfereji. Nilimpa mama yule darubini. Aliishika muda mrefu sana.

"Miaka yote hii," akasema taratibu, "sikujua kope zake ni nzuri hivi."

Mavuno yalipokwisha hakuwa na kazi, nikamwalika Kilema. Alikuwa hajawahi kulala mlimani. Tulimpikia mtori wa ndizi na nyama, na asubuhi nilimtembeza kihambani, shamba la nyumbani kwetu, kati ya migomba na kahawa, huku amejifunika shuka langu zito kwa baridi. Juu ya mti mrefu hondohondo wawili wenye midomo mikubwa waliruka, mabawa yao yakivuma kwa nguvu, naye akasimama ghafla, akainua kidole. Akaniuliza ni nani hao, wanakula nini, na nani anaatamia mayai yao. Nikamweleza kwamba jike hujifungia ndani ya tundu la mti, na dume humletea matunda na kumlisha kupitia upenyo mdogo. Hakuamini. Akasema ataondoka kesho kutwa badala ya kesho, kwanza nimwonyeshe tundu lenyewe.