Mmiliki Mmoja Tu

"Huyu ni mfanyakazi," kijana wa mwenye ploti alisema, akaigeuza simu ili hata walio nyuma yangu waone. "Wafanyakazi hatuwapei kibanda. Songa, mama samaki, wengine wapite."

Nilikuwa langoni mwa ploti ya Kawangware ambapo nimekaanga samaki tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni. Sasa yeye mwenyewe ana watoto. Sikusonga. Nilimwangalia mwenzangu. Biashara hiyo tuliianza pamoja, karai moja, nusu kwa nusu, na simu iliyokuwa ikisomwa ilikuwa yake. Nilingoja aseme kitu kidogo tu: ni yetu sisi wawili. Yeye alikuwa anafunga leso upya kiunoni, polepole, kama mtu ambaye hiyo leso imemletea shida kubwa duniani. 

Mama wa mboga nyuma yangu akacheka. "Kumbe umekuwa ukiandikwa kazi? Na vile ulikuwa unatupigia mdomo hapa!"

Kuna watu walionifikisha kwenye lango hilo. Majina yao siandiki, lakini kazi zao nitazitaja, na wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni mwenye ploti. Alikuja akatukusanya, akasema mabati yote yatang'olewa, atajenga vibanda vya mawe. Vibanda vitakuwa vichache kuliko sisi. Kila biashara itapata kimoja, na atakayepata ni yule anayeweka hesabu yake kwa simu. "Nimechoka na watu wa maneno," alisema. "Mimi sisikizi mdomo. Naangalia simu."

Mimi niliachia darasa la nne. Mwenzangu alifika kidato cha pili, kwa hiyo yeye alikuwa kichwa na mimi mikono, na sijawahi kukataa hilo. Tulitafuta programu ya hesabu kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga, tukiuliza huku na huku. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ilikubali hata watu watano wenye biashara moja, lakini ilitaka kulipwa kila mwezi. Ya pili ilikuwa Kiingereza kitupu, na michoro ya kupanda na kushuka kama ile ya hospitali. Ya tatu ilikuwa ya bure na iliongea Kiswahili. Hiyo ililetwa na mkosaji wangu wa pili, ejenti mmoja kijana mwenye fulana ya kijani na maneno matamu.

"Niaje wamathe! Hii ni bure kabisa. Mnaandika stoki, mnaandika mauzo, jioni inawaonyesha faida."

"Inajua samaki?" nikamuuliza. "Inajua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akikatwa vipande, kichwa kinauzwa peke yake?"

"Inajua kila kitu, mathe."

"Basi ije itusaidie kuparua magamba," mwenzangu akasema, tukacheka wote.

Halafu ejenti akauliza: "Mmiliki ni nani?"

"Sisi."

"Nataka mmoja. Hii ya bure haikubali wawili."

"Na huyo mwingine?"

"Anaingia kama mfanyakazi. Ni jina tu, mathe. Hakuna kitu inabadilisha."

Mikono yangu yote ilikuwa unga na mafuta, na samaki akiwa kwenye karai hamngojei mtu. Anayekaanga hagusi simu. Sisi tulifanya kazi hivyo miaka yote. Anayeuza ndiye anashika simu. "Weka yeye," nikasema, bila hata kugeuka. Mwenzangu akabonyeza.

"Haya, nyaminwa," akaniambia. Ndivyo tunavyoitana dada huko kwetu ziwani. "Kuanzia leo ukichelewa nakufuta kazi." Nilicheka mpaka samaki mmoja akaungua.

Siwezi kusema programu ilikuwa mbaya. Ilituonyesha samaki wakubwa wanatula faida, tukapunguza. Lakini Jumamosi moja, siku yetu ya kugawana, niliinama juu ya bega lake nikaona nusu yangu imeandikwa mshahara. Nusu yake imeandikwa faida. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma.

"Hii ni nini?"

"App ndiyo inataka hivyo. Nikiandika yako faida inakataa."

"Basi tulipie ile ingine."

"Pesa ya nini, nyaminwa? Si tunajuana?"

Nikampigia ejenti. Akaniambia anayeweza kubadilisha ni mmiliki, nimwambie yeye. Nikamwambia. Mwenzangu akasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Simu iliyokuwa inalala mezani kati ya sahani sasa ililala kifuani mwake. Siku moja nikamsikia akimwambia mteja, "Msichana wangu wa jikoni atakufungia." Msichana! Na mimi nimemzidi umri.

Mtauliza kwa nini sikupiga kelele. Mimi nimeunguliwa na nyumba kule ninakoishi, mtaa wa mabanda wa Lindi, mara mbili, na mara mbili nimeanza na sufuria ya kuazima. Mtu wa namna hiyo anajua kupima ugomvi. Vibanda vilikuwa karibu kugawanywa. Nilijua tukigombana mbele ya mwenye ploti, atatufukuza sote wawili na kumpa mwingine. Kwa hiyo nilikaanga, nikimeza. Kila asubuhi niliangalia mawe yakipanda. Nilijiambia: siku yenyewe ikifika, atasema. Huyu aliyenishikia mtoto nikijifungua mwingine, lazima atasema.

Siku ile nilipotoka langoni, mwenzangu alinifuata nje, akanishika mkono. "Usijali. Nitakupea kazi hapo ndani."

Kazi. Kwenye karai yangu.

Sasa nakaanga mlangoni kwangu Lindi, omena zaidi, wale dagaa wadogo, kwa sababu mbuta siwezi kumnunua peke yangu. Yeye yuko ndani ya mawe, na ameweka msichana wa kweli jikoni.

Mwenye ploti, kodi ulikuwa unaipokea kwa mkono wangu mwezi baada ya mwezi. Ulihitaji simu ikuambie mimi ni nani? Na wewe ejenti, najua bado unazunguka na fulana yako. Rudi uniambie ni jina gani hilo la bure linalomfungia mtu nje.

Lakini ninyi wawili niliwajua kwa biashara tu. Ni wewe, nyaminwa, ninayekudai. Kazi yako sitaki. Nenda pale langoni mchana, mama wa mboga akiwepo, kijana wa mwenye ploti akiwepo, useme kibanda kile ni cha nani. Na kama mdomo bado ni mzito, basi nijibu mimi peke yangu: siku ile ulinyamazia nini?