Hodi ya Waya

Nakumbuka alasiri moja nyanya yangu alinipokonya koleo mbele ya watu wa nyumba nzima. Nakusimulia leo kwa sababu tangu jana nimekasirika, mwanangu, na hasira hii nusu ni yako, nusu ni yangu mwenyewe.

Umetuwekea waifai humu nyumbani kwetu Bofu, huku ng'ambo ya feri, watu ishirini na ushei, kila mtu na simu yake. Shukrani nilikupa. Lakini jana uliketi hapa ukijichekea, ukasema kwenye kompyuta yako unaona nani anafungua nini. Ukaanza hata kunitajia majina. Nilikwambia unyamaze, na sikukwambia kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, simu ya waya ilipoingia nyumba hii hii, ilikuwa moja tu, sebuleni. Mimi nilikuwa kibarua kwa mafundi wa simu kule Kipevu, basi nikajiona profesa. Nikapitisha waya darini, nikaongeza simu tatu: chumbani kwa baba, kwa ami na kwa nyanya. Ya nne nikaiweka chumbani mwangu, wala sikumwambia mtu. Zote zilikuwa laini moja. Ukiinua mkono wa simu popote, wasikia kila neno. Nami niliinua.

Shangazi yako Zuhura alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kisauni. Siku moja akampigia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba utotoni alikuwa akianguka kifafa. Kijana akamjibu kiungwana, "Usijali. Mama nitamwambia mwenyewe, taratibu." Siri ya mtungi aijuaye kata. Ile ilikuwa ya watu wawili, na mimi mwizi wa tatu. Nikaipeleka barazani kwa wenzangu kama kichekesho. Ulimi hauna mfupa. Haikupita juma, maneno yakavuka feri, yakavuka na daraja, yakafika Kisauni kabla yule kijana hajafungua kinywa.

Wazee wao wakaja kuvunja uchumba. "Maradhi ni ya Mungu, tungestahimili," akasema mkubwa wao. "Lakini mama wa kijana wetu kayasikia sokoni, kwa watu." Zuhura akanitazama mimi, maana ni mimi peke yangu niliyeinamisha kichwa.

Nyanya hakupaza sauti. Aliingia chumbani mwangu, akaiona simu ya nne.

"Hodi ulipija?" akaniuliza.

"Naam, nyanya?"

"Chumbani kwa dadako huingii ila upije hodi. Kwenye maneno yake uliingia vipi?"

Akanipokonya koleo langu mbele ya wote, akaukata waya mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba tangu siku ile sitaingia sebuleni kwetu mpaka nipige hodi nikaribishwe. Nikapiga hodi mwaka mzima kama mgeni. Wengine wote waliitikia. Zuhura hakuitikia hata mara moja.

Hajaolewa hadi leo. Umepata kujiuliza kwa nini shangazi yako hutoka mpaka barabarani, juani, akitaka kuzungumza kwa simu? Wewe na wenzako humcheka. Ni mimi niliyemtoa nje ya nyumba ya babake, na hasira ya jambo hilo haijanitoka.

Basi nisikie. Mtandao utie nywila imara, wa nje wasiingie, hilo ni zuri. Watoto uwalinde, wazazi wao wakijua. Lakini mtu mzima maneno yake ni chumba chake, hata kama waya umeuvuta wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na humu ndani nguo hiyo umetuvika wewe. Kifute hicho unachochungulia nacho kwenye kompyuta, leo, kabla ya alasiri. Kisha nenda kwa shangazi yako ukamwambie kimefutwa. Piga hodi. Asipoitikia, ngoja.

Mungu akujaalie macho yenye haya na ulimi mzito, na kila mlango utakaobisha, aliyemo ndani akuitikie karibu. Mimi ninao mmoja ambao bado naubisha.